Mizuka ya Thailand na Eda ya Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda saluni hapa Nizwa, ninakoishi sasa, na msichana aliyekuwa akinihudumia akafungua kopo la unga wa majani ya mkunazi, akaukoroga kwa maji ya moto karibu kabisa na kichwa changu. Harufu ile mbichi yenye uchungu kidogo ikaniingia puani na mwili mzima ukanisisimka. Nikamwomba anioshe kwa shampuu ya kawaida. Alinishangaa, maana huku kwetu wanawake wanausifu mkunazi kwa nywele kuliko kitu chochote cha dukani, lakini sikumweleza sababu. Nyinyi nitakuelezeni, ila mnivumilie, kwa sababu lazima nianzie kwenye filamu.

Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha za Thailand, tena mpenzi mbishi. Kazini wenzangu wananicheka. Wao wanataka filamu za Marekani, mtu na shoka lake, damu mpaka kwenye dari. Mimi nawaambia, shoka linamtisha nani? Shoka ukilikimbia umepona. Wathai wanajua kwamba kinachotisha ni kile usichotaka kukikimbia. Mzuka wao una nyumba, una jiko, una mtoto wake anayemsubiri. Wanakukalisha kwenye chumba cha kawaida, mchana, feni inazunguka, hakuna kinachotokea, na wewe unaanza kutazama pembe za chumba chako mwenyewe.

Aliyenifundisha ugonjwa huu ni Nasra, mtoto wa ami yangu, aliyekuwa akikaa Sur. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na sita. Kila likizo ya shule aliletwa kwetu Ibra, na kila akija alikuwa na sidii zake za filamu ndani ya mfuko wa nguo, amezificha katikati ya kanzu. Tulikuwa tukitazama adhuhuri, baada ya chakula, watu wazima wote wakiwa wamelala kailula. Nje jua linawaka, njia nzima hapiti hata paka, na ndani tumeshusha mapazia na kuwasha kiyoyozi hadi miguu inaganda. Maneno ya tafsiri ya Kiarabu yalipita chini kwenye kioo cha televisheni upesi kuliko nilivyoweza kusoma, kwa hiyo Nasra alinisimulia kwa kunong'ona, na nina hakika nusu ya aliyonisimulia aliyatunga mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya Babu na Bibi, wazazi wa baba yangu, waliorudi Oman kutoka Unguja wakiwa bado vijana. Bibi hakuwa mtu wa kulala mchana. Siku moja alisimama mlangoni na tasbihi yake, akakitazama kioo kwa muda.

"Mashetani gani hayo?" akauliza.

"Ya Kithai, Bibi."

"Na huko kwao hakuna mtu wa kuwasuka nywele?"

Tulicheka hadi tukaumia mbavu. Na alisema kweli, hiyo ndiyo aibu yao kubwa hadi leo: nywele ndefu zimefunika uso, nguo nyeupe, na kila mzuka ni mwanamke aliyedhulumiwa na mume. Ukishaona tatu umeziona zote. Halafu kuna ile ngoma wanayoipiga ghafla masikioni ili uruke, kama hawaiamini hadithi yao wenyewe, na yule rafiki mnene anayeletwa kufanya mzaha pale pale moyo wako ulipoanza kwenda mbio. Na wakikaribia mwisho wanaanza kukueleza kila kitu tangu mwanzo, nani alimuua nani, utadhani tulikuwa tumelala.

Lakini kulikuwa na moja iliyoniingia na haijatoka. Ilikuwa inamhusu mama mshonaji ambaye alikufa kwa homa na asijue kuwa amekufa. Aliendelea kukaa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, anamwita mwanawe aje apimwe. Yule mtoto alijua kwa alama. Chakula cha mama kiliwekwa mezani na hakikupungua. Kioo hakikumwonyesha. Na mtoto akanyamaza, kwa sababu alikuwa na mama, hata kama ni mama wa namna ile. Siku moja jirani mpumbavu akamwambia yule mama, "Wewe si tulikuzika?" Mama akaitazama mikono yake, akainuka, akatoka nje, na hakurudi tena. Nililia sana, na Nasra akanibana mdomo ili wakubwa wasiamke.

Mwezi ule ule, Babu akafariki.

Alifariki asubuhi, ghafla, akiwa anafunga viatu aende Sinaw kutazama mbuzi. Nyumba ikajaa watu kabla hata sijaelewa. Shangazi yangu Thureya, dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha, akanipa bakuli na kunituma nikachume majani kwenye mkunazi wa uani. Nikachuma. Wakayaponda kwenye kinu, wakayatia maji, yakatoa povu, na bakuli likachukuliwa kupelekwa chumba alimokuwa Babu. Ndipo nilipojua kwamba mkunazi ndio wanaooshewa maiti. Harufu ilijaa uani hadi kwenye mikono yangu, nikaisugua kwa sabuni na haikutoka.

Baada ya mazishi Bibi akaingia eda. Mnajua wenyewe, miezi minne na siku zake mjane anakaa ndani, havai rangi, hajipaki wanja wala hina, hajifukizi udi, hatii mafuta yenye harufu. Lakini mimi nilikuwa sijui. Hakuna aliyekaa akanieleza, kwa kuwa mambo hayo hayaelezwi mtoto, anayakuta tu. Na Nasra alikuwa amekwisha rudi Sur.

Nilichokiona mimi ni hiki. Bibi yangu, ambaye tangu nizaliwe alinukia udi na karafuu hadi ukijua kapita wapi, aliingia katika chumba cha ndani na asitoke. Amevaa kanzu nyeupe isiyo na hata ua moja. Nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona ila zimesukwa mikia miwili na kufichwa chini ya kanga, zilikuwa zimeachiwa mabegani, nyeupe, ndefu kuliko nilivyofikiri. Na kioo cha kabati lake Shangazi Thureya alikifunika kwa shuka. Watu watakwambia hilo halimo katika dini, na kweli halimo, lakini wazee wa mtaa wetu walilishika kuliko hata lililomo.

Siku ya kwanza niliyopelekwa nikamwamkie, nilisimama kizingitini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema, kwa sauti iliyotoka mbali, bila kunitazama.

Nikasogea niubusu mkono wake, na kutoka kwenye nywele zake ikanijia ile harufu. Mkunazi. Harufu ile ile ya bakuli la Babu. Leo najua kwamba mjane wa eda, kwa kuwa mafuta mazuri yamekatazwa, huoshewa nywele kwa mkunazi tu. Siku ile nilijua jambo moja: mkunazi wanaoshewa maiti. Na juu ya mkeka, karibu na goti lake, kulikuwa na sahani ya wali na papa iliyofunikwa kwa kawa. Mama alipoinua kawa kuichukua, wali ulikuwa mzima, umekaza juu, haukuguswa na kidole.

Nilitoka mle chumbani kinyumenyume. Nilikwenda nikasugua tena mikono yangu kwa sabuni.

Sikumwambia mtu, na hapa naomba mnielewe. Hofu yangu ilikuwa na vichwa viwili. Nilimwogopa Bibi, niliogopa hata kumsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Lakini niliogopa zaidi kwamba atatokea mpumbavu mmoja kati ya wale wanawake wa rambirambi, mwenye domo lake, aseme neno, na Bibi aitazame mikono yake, ainuke na atoke. Ningebaki sina Babu wala Bibi. Kwa hiyo nikaamua nitamlinda asijue kuwa amekufa.

Ikawa kazi yangu. Nikirudi shule sibadilishi hata nguo, nakwenda moja kwa moja chumba cha ndani, nakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kukimbia. Wakija wageni nakaa nao, nawasikiliza maneno. Mmoja akianza kusema habari za kifo, nalia kwa makusudi, au naomba maji, au namwaga kahawa. Walisema mtoto huyu kafiwa vibaya. Kila siku nilihakikisha shuka ya kioo haijateleza. Na kila siku, chakula kikiletwa, nilimtazama Bibi mdomo.

Mwanzoni hakula. Sahani iliingia na ikatoka. Nilihesabu punje kwa macho. Kisha siku moja alinyanyua uso, akaniona nilivyomkodolea macho, na akatazamana nami kwa muda mrefu. Nikaacha kupumua. Akanyoosha mkono, akafinyanga tonge dogo, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu, akameza. Nililiona tonge linashuka kooni. Nikavuta pumzi kwa kishindo hadi nikakohoa.

Akafanya jingine.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyokuwa. Mimi natazama, yeye anakula. Hatuzungumzi. Wali ukipungua napata amani hadi kesho, na kesho nikiisikia ile harufu amani inakwisha, naanza upya. Usiniulize vipi maiti anakula. Nilikuwa na majibu yote: labda maiti wengine wanakula, labda ananidanganya, labda bado hajafika pale pa kushindwa. Kilichobaki kupimwa ni kioo, na kioo sikutaka kipimwe kabisa.

Siku ya kutoka eda ilipofika, wanawake walikuja asubuhi na mapema. Walileta nguo mpya, hina, chetezo kikubwa, na kelele zao. Bibi alitoka kuoga, akakaa kitandani. Shangazi Thureya akakiendea kioo ashushe ile shuka.

Nikaruka. Nikajibandika kwenye kabati, mikono nimeitandaza, shuka nimeishika kwa ngumi mbili.

"Toka hapo, bint! Una nini wewe? Yalla!"

"Asijitazame!" nikapiga ukelele. "Mkimwonyesha ataondoka!"

"Ataondoka aende wapi?"

Nikayamwaga yote, kwa kilio, kamasi zinanitoka: filamu, cherehani, sahani, mkunazi. Nikamgeukia Bibi mwenyewe. "Umekufa, Bibi, na wewe hujui. Mimi sikutaka ujue."

Mwanamke mmoja akasema astaghfirullah, mwingine akaingiza uso ndani ya shela na mabega yake yakaanza kucheza kwa kicheko. Bibi hakucheka. Aliinuka, na nikafumba macho, nikijua sasa ndiyo anakwenda. Nikasikia mkono wake unanishika kiganja, mkono wa moto, umelowa maji. Kwa mkono mwingine akaivuta shuka.

"Fumbua macho, mwanangu. Nami natazama."

Tulikuwa wawili kwenye kioo. Mimi na sare yangu imekunjamana, na kando yangu bibi kizee mwenye mashavu yaliyobonyea, macho yameingia ndani, mifupa ya shingo imetoka nje. Nikamhisi ameshtuka. Alijitazama, akajigusa shavu.

"Huyu ndiye uliyekuwa ukimtazama siku zote hizi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi una haki ya kuogopa."

Ingekuwa filamu ya Kithai ningeiacha hapo, kabla hawajaanza kunieleza. Lakini lawama niliyowalaumu wao inanirudia mwenyewe, maana maelezo ninayo, na bila ya hayo mtaondoka mkidhani hiki ni kisa cha mtoto mjinga.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mjamzito na sishiki chakula, Mama alikuja Nizwa kuniuguza. Tulikuwa tumekaa jikoni, nimesukuma sahani, naye akanitazama kwa hasira ambayo sikuijua inatoka wapi. "Usinifanyie kama Bibi yako," akasema. Nikauliza kafanya nini. Ndipo aliponiambia kwamba wiki zile za kwanza Bibi alikuwa ameacha kula kwa kukusudia. Alisema wazi kwamba hana haja ya kubaki nyuma. Daktari aliletwa, wanawe walimpigia magoti, Shangazi Thureya na sauti yake yote alilia, na Bibi akageukia ukuta. Baba alikuwa amekwisha zungumza na ndugu zake kimya kimya juu ya kaburi la pili.

"Kisha akaanza kula," Mama akasema. "Nikamuuliza, mama, kimekujia nini? Akaniambia, mtoto huyu ananitazama mdomo. Nisipokula, hapumui."

Miaka yote ile nilikuwa nikikisimulia kisa hiki kwa kicheko, mimi na filamu zangu, mtoto aliyedhani bibi yake ni mzuka. Nilidhani namlinda mtu aliyekwisha kufa asije akajua. Kumbe Bibi alikuwa hai, anajua kuwa yuko hai, na hakutaka. Na tonge baada ya tonge alikubali kubaki, kwa sababu mlangoni kulikuwa na mtoto aliyeogopa mno asije Bibi akaondoka.