Spika Iliyopiga Rumba Siku ya Sabato

Sabato moja mwezi wa nane, nyumba ya mama yangu kule Gesima ilipiga rumba kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mama yangu, Persis Mokeira. Mwanamke ambaye Ijumaa jua likianza kushuka anazima hata simu.

Majirani walisikia. Watu wa kanisa walisikia wakienda, wakasikia tena wakirudi. Jumapili asubuhi wazee watatu wakavaa makoti wakaenda kumkanya.

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi. Huko chini hakuna kicheko.

Naitwa Joash. Nina duka la kutengeneza simu na redio hapa Kisii mjini, na nina ukurasa ambapo napima vifaa na kuwaambia watu kama vinafaa au ni takataka. Wafuasi elfu kumi na mbili. Nilikuwa najiona sana.

Mwezi wa saba kampuni fulani ya Nairobi ikanitumia spika. Zile unaongelesha, zinajibu. Uiambie icheze wimbo, inacheza. Uiulize habari, inakusomea. Walitaka niipime wiki tatu, nyumba ya kawaida, mtu wa kawaida, kusikiliza kwa kila siku.

Kwangu ni chumba kimoja kando ya stendi, kelele tupu. Nikamfikiria mama. Alikuwa anaishi peke yake tangu baba afariki, na redio yake ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

Ndiyo, mtoto wake ni fundi wa redio. Endeleeni tu kusoma.

Nikaipeleka Gesima pamoja na kirauta cha intaneti, nikaichomeka kwa soketi ya sebuleni.

"Hii ni nini?" mama akauliza.

"Ni redio, mama, lakini hii inasikia. Unaiita jina, inaitika."

"Jina gani?"

Jina la kiwandani lilikuwa la Kizungu. Alijaribu kulitamka mara tatu akachoka. Lakini ile spika inakubali kubadilishwa jina, kwa hivyo nikaipa langu.

"Joash," akaita, kwa aibu kidogo.

"Nakusikiliza," spika ikajibu, sauti ya kiume, Kiswahili cha kusoma taarifa ya habari.

Aki mama alicheka hadi akashika meza.

Shida ilikuwa moja. Spika inajua Kiingereza na Kiswahili. Mama hakusoma, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kununua chumvi na kibiriti. Kwake nyumbani ni Ekegusii tu. Akiiambia kitu kwa Ekegusii, inasema, "Samahani, sijaelewa."

"Hainielewi," akaniambia.

Nilikuwa na haraka ya kurudi dukani. Nikamjibu hivi, na haya maneno nitazikwa nayo: "Wewe ongea tu, mama. Yote unayosema yanaingia kwa simu yangu. Ukiongea na hiyo ni kama unaongea na mimi."

Na kweli yalikuwa yanaingia. Kila akiita jina, rekodi inabaki kwa apu ya spika kwenye simu yangu, na saa yake. Mimi sikuwa nafungua. Nilikuwa naangalia idadi tu. Leo imeitwa mara sita, leo mara tisa, vizuri sana, naandika kwa daftari.

Ijumaa ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu jioni, apu ikaniandikia kwamba kifaa hakipatikani. Nikadhani stima imepotea. Jumapili nikampigia mama.

"Niliing'oa," akasema. "Sabato ilikuwa inaingia."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Yaya, hapana! Hata jembe langu hupumzika. Hiyo yako ni nani?"

Ijumaa ya pili, hivyo hivyo. Nikakasirika kimoyomoyo, kwa sababu kipimo kimoja kilikuwa kimebaki: muziki saa kumi na mbili mfululizo, sauti juu. Siku zingine mama yuko nyumbani, hangekubali. Alitaka nyimbo za dini tu, tena kwa sauti ya chini.

Nikaandika: "Mtumiaji anazima kifaa bila sababu ya kiufundi."

Mtumiaji. Mama aliyenizaa.

Ijumaa ya tatu ikafika. Saa kumi na mbili na nusu nikaangalia simu. Spika iko hewani. Saa moja, iko. Jumamosi nikiamka, bado iko.

Wasee, nilifurahi. Nikasema leo mathe amelegeza kamba.

Sikujiuliza kitu hata kimoja. Mtu wa miaka sabini na mbili ambaye hajawahi kuvunja Sabato, aivunje leo kwa ajili ya spika yangu? Lakini nilikuwa nataka kipimo changu kiishe, na nilipoona njia imefunguka sikutaka kujua nani amefungua.

Saa moja asubuhi, nikifungua duka, nikabonyeza rumba kwa simu, ikaanza kupiga kule Gesima. Sauti nane kwa kumi. Nikaiacha ipige.

Hiyo siku apu ilionyesha spika imeitwa mara ishirini na tatu. Nikasema, kumbe mama ameshikwa na rumba! Nikaandika: "Maikrofoni: tisa kwa kumi. Inamsikia mtu hata muziki ukiwa juu."

Saa tisa alasiri dada yangu Phanice akanipigia. Anauza nguo Keumbu, na wakati huo alikuwa na mtoto wa siku kumi na nyuzi za upasuaji bado ziko.

"Wamama wa kanisa wamekuja kuona mtoto," akasema. "Wananiambia kwa mama kunapigwa rumba."

"Ni mimi. Napima spika. Mama ameniachia."

"Mama gani? Wetu?"

"Huyo huyo."

"Umeongea naye?"

"Simu amezima. Si ni Sabato?"

"Joash. Simu amezima kwa sababu ni Sabato, halafu rumba ameiacha? Hebu enda uone."

"Na duka nimwachie nani? Jumamosi ndiyo siku yangu."

"Funga."

"Nitaenda Jumatatu kuchukua spika."

Akakata simu. Nikasema huyu naye ana presha za uzazi.

Saa moja jioni kipimo kikaisha. Saa kumi na mbili bila kukatika hata mara moja. Nikaweka tathmini yangu kwa ukurasa hapo hapo. Watu wakaanza kupenda na kuuliza inapatikana wapi.

Jumapili saa tatu asubuhi nikapigiwa na namba ngeni. Ni mzee Cleophas, mzee wa kanisa la mama.

"Joash, tuko hospitali na mama yako. Kuja haraka."

Nilifunga duka. Siku hiyo nilijua kufunga duka.

Kumbe Ijumaa mama alikuwa anaosha nyumba, yale maandalizi ya Sabato. Sakafu ya simiti bado ina maji. Akazima simu, akaiweka kwa kabati, akaenda kung'oa spika. Akateleza. Nyonga ikavunjika.

Alianguka mita moja kutoka kwa soketi. Alilala hapo chini, kwa baridi ya Gesima, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, wazee waliposukuma mlango na Biblia mkononi wakiwa tayari kumuuliza ni shetani gani amemwingia.

"Tulipita hapo nje, kwenda na kurudi," mzee Cleophas akaniambia. Hakuwa ananiangalia. "Kanisa karibu lote. Tulisikia huo muziki tukakasirika sana. Hakuna aliyesikia mtu."

Alidhani ni mama aliyekuwa anaucheza. Sikumsahihisha. Nilitazama viatu vyangu, nikamwacha aamini hivyo, na hata hilo liko juu yangu.

Mama alikuwa anaongea bado, lakini sauti ilikuwa imekwisha.

"Tata," akaniita. Baba. Ndivyo mama zetu wanavyotuita watoto wa kiume. "Umekuja."

"Nimekuja, mama. Nisamehe."

"Nilikuita sana. Na kila nikikuita unasema unanisikiliza. Nikasema basi, yuko njiani."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu, vile mtu anaeleza safari yake. Heri angenitukana mbele ya wauguzi.

Alifariki Jumatano. Daktari alisema ni mapafu, ile baridi ya sakafu. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na majani chai yake, na Phanice akatupa udongo wake akaondoka bila kunisalimia. Hadi leo hashiki simu yangu. Ningekuwa yeye nisingeshika.

Wiki moja baada ya mazishi nikafungua zile rekodi. Za Ijumaa jioni, na zile ishirini na tatu za Jumamosi.

Hiyo spika ikiitwa hupunguza muziki kwanza, ili isikie. Kwa hivyo kila rekodi ya Jumamosi ni hivi. Rumba inashuka. "Nakusikiliza." Halafu mama yangu, kwa Ekegusii.

Joash, nimeanguka.

Joash, mguu umekataa.

Joash, najua uko kazini. Ukimaliza uje.

"Samahani, sijaelewa." Halafu rumba inapanda tena, sauti nane kwa kumi, vile niliiweka.

Nilisikiliza zote. Nilijilazimisha. Ya mwisho ni ya saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, wakati watu wanarudi kutoka ibada ya mchana. Mama anaongea polepole, anapumzika katikati ya maneno.

"Joash, tata, punguza huo muziki kidogo tu. Kuna watu wanapita hapo njiani, na sauti yangu imekuwa ndogo."

"Samahani, sijaelewa."

Rumba ikapanda. Baada ya hapo hakuita tena.

Juzi ile kampuni imeniandikia. Wamefurahia tathmini yangu, wanataka kunitumia nyingine, kubwa zaidi. Sijawajibu. Tathmini nimeifuta asubuhi hii, na hii mnayosoma ndiyo nimeweka mahali pake.

Lakini zile tisa kwa kumi za maikrofoni sijazipunguza. Spika ilimsikia mama mara zote ishirini na tatu, ikanihifadhia kila neno na saa yake, kwa Ekegusii ambayo mimi naielewa kuliko lugha yoyote duniani. Yalikuwa kwa mfuko wa suruali yangu siku nzima, na mimi niko dukani nabadilisha vioo vya simu za watu.

Somo langu si la spika. Nunua au usinunue, shauri yako.

Mzazi wako akifanya siku moja kitu ambacho hajawahi kufanya maisha yake yote, usifurahi eti amebadilika. Usiseme utaenda Jumatatu. Funga duka uende.