Nililisingizia Kopo

Nianze na kopo lenyewe, maana ndilo nililolisingizia. Lilikuwa kopo la kakao, la bati, limepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya mtu kupaka milango yake. Juu lilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha vilivyotolewa kwenye redio mbovu, na katikati swichi ya taa ya mezani, ile unayobonyeza ikawaka, ukibonyeza tena inazima. Pembeni, kwa rangi nyeupe na mkono uliotulia, palikuwa pameandikwa TABORA 1. Ndani yake kulikuwa na ovadraivu, yaani kile kifaa ambacho mpiga gitaa anakikanyaga ili sauti yake ikwaruze kidogo, iwe na moto. Aliyekitengeneza ni mzee mmoja fundi redio, mwenye kibanda karibu na soko hapa Tabora.

Mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya. Naishi Ntalikwa, nalima mahindi na karanga kama wenzangu, na siku tatu kwa wiki napanda baiskeli kwenda mjini mazoezini. Mzee yule ni Mwislamu wa mjini, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi, na kanisani kwetu hakuwahi kuingia. Tulijuana kwa sababu ya amplifaya ya kwaya, ambayo ilikuwa inakufa kila baada ya miezi miwili na yeye anaifufua. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu picha ya ovadraivu ya dukani. Nikamwambia, mzee, vitu hivi sisi tutavisikia kwa wenzetu tu. Akaitazama ile picha, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Kijitu kidogo hivi ndicho kinakutoa udenda?" akasema. "Niachie wiki tatu."

Zikawa miezi mitatu. Siku aliyonikabidhi, alilifuta kwanza kwa kitambaa chake cha miwani. Akaniambia, "Mwanangu, maisha yangu yote nafungua vya watu na kuvifunga. Hiki ni cha kwanza kutoka kwangu mwenyewe. Wapiga gitaa wenzako wakikisikia, wakauliza, waambie kimetoka wapi." Hakuniomba kitu kingine chochote. Nikaahidi, tena kwa mdomo mpana.

Pamoja na kopo nilikuwa na pedali ya pili, kompresa, niliyoagiza Dar ikaja kwa basi. Kazi yake ni hii: ukipiga kamba kwa nguvu inakubana, ukipiga kinyonge inakuinua, mwisho noti zote zinatoka sawasawa utadhani vidole vyako vina adabu. Wanakwaya walinitania weee. "Kompresa? Unataka kujaza upepo baiskeli?" Nikacheka nao. Sikuwaambia kwamba nilikuwa naitumia kuficha uvivu wangu. Kidole changu cha mwisho ni dhaifu tangu nilipoanza gitaa, na badala ya kukifanyisha mazoezi, nilikuwa nazungusha kitufe. Wiki hii robo, wiki ijayo nusu.

Mzee alinisikia siku moja pale kibandani nikijaribu pedali zote mbili, akaweka chini bisibisi yake. "Hicho chako cha dukani usikifungulie mpaka mwisho," akasema. "Kinainua kila kitu, hata kimya. Na kimya cha nyaya si kimya, kina uchafu wake. Ukiuinua ule uchafu ukauingiza kwenye kopo langu, litakwaruza uchafu." Nikasema nimeelewa, mzee. Kuelewa nilielewa. Ndiyo maana sina pa kujifichia.

Harusi ilikuwa Usoke, tumbaku ikiwa imeshauzwa na sherehe zinapishana kila Jumamosi. Mzee nilimwalika mwenyewe, nilitaka alisikie kopo lake mbele za watu. Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, tukampandisha mbele ya lori pamoja na dereva, sisi na spika nyuma. Kule wakampa kiti safu ya tatu, katikati ya bibi wawili wa Kinyamwezi ambao walimpenda papo hapo na kumjazia soda. Wapiga gitaa wawili wa kwaya za Urambo walikuwepo pia. Walikuja mpaka karibu na jukwaa, wakainama, wakatazama miguuni pangu.

"Hilo kopo nalo ni nini?" mmoja akauliza.

"Subiri utalisikia," nikasema.

Hapo ndipo nilipokiogopa kidole changu. Watu wanaojua gitaa wamesimama mbele yangu, na mimi kile kipande cha haraka sijakifanyia mazoezi wiki nzima. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaizungusha kompresa mpaka ikagota.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Vidole vyangu vilisikika vya mtu mwingine. Lakini wimbo wetu wa kuingiza maharusi una mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza, maharusi wanasimama, halafu tunaanza upya na vigelegele. Watu wanapapenda sana hapo. Tukafika, tukanyamaza. Gitaa halikunyamaza. Likaanza kunguruma chinichini, likapanda, likapanda, likawa kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Mtoto mmoja akaangua kilio. Bibi harusi akageuka akanitazama mimi, katikati ya njia yake, siku yake.

Mshereheshaji, mtu wa maneno, akasema kwenye spika, "Mpiga gitaa, umetuletea mashine ya kusaga?" Uwanja mzima ukacheka.

Jamani, aibu ikishakuvaa unatafuta wa kumvisha. Jenereta ningeweza kulilaumu, lakini lilikuwa la mjomba wake bibi harusi, na alikuwa amesimama pale pale na fimbo yake. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, maneno yangu nayakumbuka yote, "Samahanini wapendwa. Ni hili kopo. Ni la kienyeji, tumetengenezewa mtaani tu. Tunalitoa sasa hivi." Watu wakacheka tena, safari hii wakiwa upande wangu.

Nikainama kuchomoa nyaya za kopo. Na mkono wangu wa kushoto, bila kutumwa, ukaenda kwenye kompresa ukairudisha nyuma. Sikukosea kwa kutojua, basi. Mkono ulijua. Sauti ikatoka safi, wakapiga makofi, na kila mtu akawa ameona kwa macho yake kwamba mbovu lilikuwa kopo. Safu ya tatu sikuitazama. Mpaka leo sijui uso wake ulikuwaje wakati ule.

Baada ya shughuli wale wawili wa Urambo wakaja. Mmoja akalisukuma kopo kwa ncha ya kiatu. "Vya kienyeji bwana," akasema. Nikajibu, "We acha tu." Hivyo ndivyo nilivyowaambia limetoka wapi.

Njiani kurudi nilipanda nyuma na spika ingawa mbele palikuwa na nafasi. Tulipofika mjini mzee alishuka polepole, kopo amelipakata kwenye kanzu. "Nitaliangalia," akasema, akaenda zake kwa miguu.

Baada ya wiki akaniita kibandani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akanisukumia kopo juu ya meza. "Nimelifungua lote," akasema. "Sikuona kosa. Lakini umesema lipo, basi lipo, nimebadilisha kila kitu cha ndani. Chukua." Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, tulikuwa wawili tu. Nikasema ahsante mzee, nikalitia kopo kwenye begi, nikapanda baiskeli mpaka Ntalikwa nikijitukana njia nzima kwa Kinyamwezi, lugha ninayoitumia nikiwa nimejikasirikia kweli.

Tena kuna siku nilikuwa nimekaa pale pale kibandani, akaja kijana wa kwaya nyingine kuulizia kama mzee anatengeneza pedali. Hakuwa amefika Usoke, hakujua lolote. Mzee hata hakuinua macho. "Kazi hizo zilinishinda, mwanangu. Nenda Dar." Mimi nilikuwa nakunywa chai yake. Nikaendelea kunywa.

Ilinichukua mwaka na zaidi kupiga moyo konde. Nilikwenda asubuhi, nikavuta kigoda karibu yake, nikamweleza yote: kidole, kompresa, mkono. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwa sababu mlangoni kulikuwa na mama mmoja anasubiri simu yake. Mzee alikuwa anaunganisha waya, hakuacha.

"Najua," akasema. "Nilikuona ulivyozungusha. Mimi ni fundi, natazama mikono ya watu."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Nilikuwa mgeni kwenye harusi ya watu." Akapuliza moshi wa risasi ya kulehemu kwenye waya. Halafu akanitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kule Usoke ulisema kwa kipaza sauti. Hapa unaninong'oneza."

Akamgeukia yule mama, akamkabidhi simu yake.

Mwaka huu kwaya ilialikwa tena Usoke, uwanja ule ule. Wale wawili wa Urambo walikuwepo. Kopo lilikuwa miguuni pangu likifanya kazi bila kukwaruza ovyo, kompresa iko robo, na kidole changu siku hizi nakifanyisha mazoezi. Mzee hakuja, nilimwalika, akasema magoti yanamsumbua. Njia nzima nilikuwa nimekariri maneno yangu. Ni sentensi mbili tu, hata mtoto angezisema. Kabla ya maharusi kuingia nikakishika kipaza sauti, na watu wakadhani nina tangazo, wakanyamaza uwanja mzima wakinitazama.

"Haloo, haloo," nikasema. "Moja, mbili."

Wakaendelea kusubiri.

"Tunajaribu vyombo tu, wapendwa," nikasema, nikakirudisha mahali pake.