Adhana iliyotangulia jua

Leo nimefuturisha mutaa muzima na jua lingali linaonekana.

Programu ya adhana ya musikiti wetu hapa Kasuku ni ya zamani. Inakubali kutumika tu ndani ya ordinatere, yaani kompyuta, ya bandia, ile ninayoiendesha ndani ya ordinatere yangu. Saa yake ilikuwa inachelewa kwa kukosa mapigo yanayosukuma sekunde. Jana nikaifundisha ile ordinatere ya bandia kulipa yale mapigo yaliyopotea, nikajisifu.

Kumbe inalipa mara mbili! Adhana ikatangulia dakika sita.

Mama akatema tende.

"Wakati wa vita tulifunga porini bila saa, na hatukukosea magaribi."

"Mama, unisamehe."

"Mimi nitalipa siku moja. Wewe utalipa za mutaa wote?"

Muliofuturu na mimi, semeni hapa chini. Naogopa kuhesabu.