Meza ya Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata sahani. Nilisimamishwa ukutani katika chumba cha kulia cha hoteli moja pale Lushoto, mikono nyuma, nikaambiwa nitazame watu wanavyokaa. Mhudumu Mkuu wetu alikuwa Mdigo mkali aliyejifunzia kazi kwenye meli za abiria. Aliniambia, "Chakula kinapikwa jikoni, ugomvi unapikwa hapa. Kila mgeni anataka meza ileile."

Hata melini, alisema, ni hivyo hivyo. Kwetu meza hiyo ilikuwa namba moja, ya dirishani. Wazungu wa mashamba ya mkonge waliopanda milimani kukimbia joto waliandika barua kuiomba kabla hawajafika. Mhudumu Mkuu alichora mpango wa meza, yaani karatasi inayoonyesha nani atakaa wapi, na namba moja aliigawa kama mtu anayegawa urithi. Nyie wa leo mnaingia popote, mnakaa popote, mnapiga makofi kumwita mhudumu. Enzi zetu ungetolewa.

Mama yangu alikuwa akiuza njegere na kabichi pale hotelini. Mlango wake ulikuwa wa jikoni. Siku moja nilimwambia kwamba kutoka dirisha lile nyumba yetu inaonekana ng'ambo ya bonde. Basi, nikawa nimejitafutia deni. Kila nikienda nyumbani ananiuliza lini ataketi pale aione.

Uhuru ukaja, kisha Ujamaa, na hoteli ikawa ya umma. Meneja mpya alitukusanya akatangaza kwamba hakuna tena bwana wala boi, wote ni ndugu, na anayewahi ndiye anayekaa. Mpango wa meza akauchana mbele yetu. Wakati huo Mhudumu Mkuu nilikuwa mimi, na nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mjinga mimi, niliamini.

Jumapili iliyofuata mama alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kabla ya mgeni yeyote. Mlangoni alivua viatu, nikamwomba avivae. Nikamketisha namba moja, nikamkunjulia leso mapajani. Alitafuta ng'ambo kwa macho, kisha akacheka. "Kumbe nguo zangu nimeziacha kwenye kamba."

Nilikuwa nimeshamwekea supu gari la mkubwa mmoja wa mkoani lilipoingia, na wageni wake watatu. Meneja akanivuta pembeni.

"Mhamishe yule bibi."

"Ndugu Meneja, ni mama yangu. Na amewahi."

"Najua ni mama yako. Ndiyo maana nakutuma wewe. Mwingine atamkosea adabu."

Nikaenda. Nilimwambia mama kwamba dirishani kuna baridi, aje akae karibu na jiko apate joto. Baridi gani, saa saba mchana, jua limewaka! Alinitazama, akamtazama Meneja, akaelewa yote. Akasema kwa Kishambaa, polepole, "Angekuja yeye kuniambia, ningekataa." Akaikunja leso vizuri, akapitia jikoni, akatoka bila kuonja kitu. Mkubwa akakaa, akaligeuzia dirisha mgongo, akaagiza kuku.

Mnaniuliza kwa nini sikuacha kazi siku ile. Nilikuwa na watoto, ndiyo, lakini sababu kubwa ni woga. Nilihudumu hapo mpaka nikastaafu, na namba moja nimeipanga kwa wakubwa wengi, tena kwa tabasamu. Mama hakuuza tena mboga hotelini. Nikimtembelea ananipikia, ananiuliza habari za wajukuu, na meza ile hakuitaja hata mara moja. Nilidhani amenuna. Nami sikuwahi kumwomba radhi.

Alifariki mwaka niliostaafu. Msibani jirani yake, bibi aliyelima naye tangu usichana, alisimama mbele ya watu wote akanishika mkono. Akasema kijiji kizima kinajua nilivyomheshimu mzazi wangu. Mama mwenyewe aliwasimulia jinsi mwanawe alivyomweka dirishani pamoja na wakubwa, akala, akashiba, akasaza. "Kila tulipokuwa shambani alituhadithia," akasema. "Mungu akubariki, baba."

Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia.