Pilau Isiyopaliwa

Mpaka leo nikifika mtaa ule navuka upande wa pili wa barabara, na sababu yake sina haja ya kuificha, maana wanaoijua ni wengi kuliko wasioijua.

Wakati ule mkaa ulikuwa haupatikani Kariakoo (malori hayakuwa na dizeli, na gunia likitokea watu walilipigania), ndipo kamati ya tawi letu la chama ikaniomba mimi, karani wa ghala niliyejifunza fizikia mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, nipime nishati ipi iufae mtaa: mkaa, mafuta ya taa, umeme kwa nyumba chache zilizokuwa nao, au maranda, yaani unga wa mbao uliotupwa bure na maseremala wa Gerezani. Nilipima wiki tatu. Kila nishati niliipa sufuria ileile na maji lita mbili, na nikaamua jambo dogo nililoliona la busara: nisipike chakula, nichemshe maji tu, kwa kuwa maji hayana ladha ya kubishaniwa. Maranda yakashinda. Unayashindilia ndani ya debe kuzunguka chupa, unaichomoa chupa, unawasha kwa tundu la chini, na debe linawaka asubuhi nzima bila kuguswa.

Nikautangaza ushindi huo nyumba kwa nyumba. Kwa jirani yangu Bi Mwanaidi, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi na hakuwa na hata kopo la mkaa, nikaenda mbali zaidi: nikamwahidi pilau ya wageni wote. Mchele alikuwa ameukusanya kibaba kwa kibaba, kwa ndugu na kwa foleni, na hakukuwa na mwingine.

"Una hakika, Ndugu Mtaalamu?"

"Nimepima, Bi Mwanaidi."

Jumamosi madebe mawili yakawaka uani, kila moja na sufuria yake, supu ikachemka kabla ya wakati, mimi nimesimama pale nikipokea pongezi (nilizipokea zote, sikubakiza), mchele ukatiwa, maji yakaanza kukauka, na Bi Mwanaidi akafunika sinia juu ya sufuria, akashika koleo, akanigeukia.

"Haya, nipe makaa nipalie."

Nikachungulia ndani ya debe. Kulikuwa na tundu jekundu na majivu. Maranda, jamani, hayaachi kaa hata moja la kuweka juu ya kifuniko, na mimi katika wiki tatu sikujiuliza hata mara moja kwa nini mama yangu alipika wali kwa moto wa chini na wa juu.

Badala ya kukiri, nikachukua kijiti nichokoe, huenda ndani mna vipande. Kuta za maranda zikaporomoka kwa mpigo, moshi ukaruka ukuta ukawakuta wageni barazani na kanzu zao nyeupe, shehe akakohoa katikati ya hotuba, na jirani mmoja, akidhani nyumba inaungua, akaingia mbio na ndoo akayazima madebe yote mawili.

"Chukua karai," Bi Mwanaidi akasema. "Mchele huu ukiharibika, mwanangu ataolewa wageni wana njaa. Kaombe moto."

Nikaenda, karai mkononi, kwenye milango ileile nilikohubiri tuachane na mkaa. Mpangaji mmoja, mama aliyekuwa akichemsha maharage yake kwa vijikaa vya mwisho, alinicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, mwalimu wa maranda! Leo somo gani?"

"Makaa mawili tu, dada."

"Chukua manne. Lakini sema kwanza, mkaa ukoje?"

"Mkaa... unafaa."

"Sijasikia!"

Nikasema tena, kwa sauti, na nyumba mbili zilizofuata nazo zikataka kusikia.

Pilau ikapaliwa, ikaliwa alasiri badala ya adhuhuri, juu imeiva, chini nyeusi kwa moto wa maranda. Wageni walishiba. Mimi nililetewa na Bi Mwanaidi sahani ya peke yangu, ukoko mtupu ulioungua.

"Hii ndiyo sehemu uliyopika wewe, kaka."

Nikaula wote, mbele za watu. Na tangu siku ile, nikiombwa ushauri wa nishati, kwanza nakwenda kukaa jikoni kwa mpishi, kimya, mpaka chakula kipakuliwe.