Pigo la Mwisho

Mwaka ule watalii walipoadimika, hoteli yetu ya Diani ilibaki na wafanyakazi wanne wa kulinda vitanda visivyolaliwa. Mimi nilikuwa mhudumu wa meza. Alikuwako mpishi, mzee wa Kidigo kutoka Msambweni; mtunza bustani, kijana wa skimu ya makazi iliyo jirani, ambaye wazazi wake walitoka bara; na mama wa usafi wa vyumba, naye wa bara, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa.

Mgeni mmoja alikuwa ametuachia mashine ya gemu na pedi zake nne za kuchezea. Gemu yenyewe ilikuwa ya mashujaa wanne wenye nguvu za ajabu, wanaoukomboa mji mtaa kwa mtaa. Kadiri walivyopigana pamoja ndivyo walivyozidi kupanda daraja. Basi kila alasiri, mpishi akishaswali, tulikaa mkekani mbele ya televisheni ya wageni, watu wazima wanne, hatuna haya hata chembe.

Mama wa usafi alimchukua shujaa mwenye mabavu, akawa anabomoa hata kuta zisizo na adui nyuma yake. Mpishi alichagua mganga. Alituponya sisi kwanza, na mara nyingi akafa yeye. Tulipofika kwa jitu la mwisho, lenye ndevu nyeupe, alituzuia tusilipige. Alisema limetupita umri, na adabu ni adabu. Tukaweka pedi chini, tukaliamkia shikamoo kwa pamoja. Halikuitikia marahaba, lilitufagia wote, tukarudishwa mwanzo wa mtaa. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Tangu siku hiyo salamu ikawa sheria, ila tulijifunza kuisimamisha gemu kwanza.

Kisha mama wa usafi akaitwa kwao. Mumewe alikuwa amempatia kazi huko bara, na basi lilikuwa la kesho yake asubuhi. Alisema anataka jambo moja tu, auone mwisho wa gemu kabla hajaondoka. Sote tulitaka auone.

Alasiri hiyo tulicheza vizuri kuliko siku zote. Tuliamkia, tukashambulia, mpishi akituponya bila kukosea. Uhai wa jitu ukapungua mpaka kikabaki kipande chekundu kidogo pembeni mwa kioo. Pigo moja lingetosha. Mama wa usafi akaondoa vidole kwenye pedi.

"Nikimpiga huyu, si ndio tumemalizana?" aliuliza.

Mpishi aliweka pedi yake mapajani, na mtunza bustani naye akaacha. Shujaa wangu alikuwa wa mishale, jitu liko wazi mbele yake, na kidole changu kikakataa katakata. Niliwapenda watu wale, basi. Jitu likatuangusha mmoja mmoja huku tukitazama.

"Tuanze upya, mwanangu," mpishi alimwambia mama wa usafi.

Tukaanza mtaa wa kwanza, tukacheza mpaka mpishi alipoinuka kwenda kuswali magharibi.

Asubuhi mama wa usafi aliondoka. Hoteli nayo ikafungwa baadaye, tukatawanyika.

Juzi binti yangu aliipata gemu ile kwenye simu yake, akaja mbio kunionyesha jinsi jitu linavyokufa. Nilimwambia azime, tena kwa ukali ambao hata mimi sikuutarajia.