Nilimwambia Nau asubiri macho yazoee giza

Wakuu, salamu kwenu popote mnaposomea hii.

Nimekaa na hii stori tangu mwezi wa nne, naiandika, naifuta. Leo naiweka jinsi ilivyokuwa, bila kujipendelea. Kama kuna mtu wa Mitaboni humu ndani atanitambua kabla hajafika katikati, na ni sawa tu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa kufunga dishi za TV. Naishi Syokimau, lakini kwetu ni Mitaboni, hapo Machakos. Kazi ya dishi ni kupanda juu ya mabati na kutafuta satelaiti ambayo huioni kwa macho. Unageuza kidogo, unapaza sauti kumuuliza mtu aliye ndani kama picha imekuja, unageuza tena. Baada ya miaka ya kuelekeza vitu juu hivyo, nikaanza kujiuliza huko juu kuna nini kingine.

Ndio nikaingia kwa mambo ya nyota. Tuko kikundi kidogo, tunakutana wikendi mahali penye giza, mwenye darubini anakuja nayo, asiye nayo anakuja na chai. Syokimau kwenyewe hakufai. Taa ni nyingi mpaka anga inakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kwa wasiojua hii hobby, sheria ya kwanza wala si darubini. Ni giza. Ukitoka kwa nyumba yenye taa huoni kitu, nyota chache tu za kukuonea huruma. Inabidi uzime kila taa, ufiche simu, utulie mpaka macho yazoee. Halafu polepole anga inajaa.

Sheria ya pili, kitu hafifu hukikodolei macho. Unaangalia kando yake kidogo, ndio kinatokea, kwa sababu gizani pembeni mwa jicho huona vizuri kuliko katikati. Wageni wote tunawafundisha hivyo. Shikeni hizo sheria mbili, maana ndizo zilizoniponza.

Sasa nije kwa mzee wangu. Kwetu baba ni Nau, mama ni Mwaitu, nitawaita hivyo hivyo.

Nau ni mkulima. Kahawa kidogo, maparachichi, ng'ombe wawili. Pia ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya hapo kwetu, na mwenyekiti wa kamati ya maji Ukambani ni mtu wa kulaumiwa mwaka mzima. Pampu ikiharibika wanakuja kwake. Mvua ikikataa, karibu waje kwake pia.

Kwa hivyo redio zilipoanza kujadili kama nchi yetu iweke pesa zaidi kwa mambo ya anga, satelaiti zetu wenyewe na kadhalika, Nau alichemka. Alipiga simu kwa kipindi cha asubuhi akaunganishwa hewani. Akasema mtu hana maji kwa mtungi na anataka kiti mwezini. Wiki hiyo sokoni kila mtu alikuwa anayarudia hayo maneno yake, na yeye anajifanya hasikii.

Na mimi, mwanawe, nikawa upande ule mwingine.

Kila Jumapili nikienda nyumbani, tukitoka kanisani na muthokoi ikiwa mezani, ananichokoza. Ananiuliza watu wangu wa satelaiti wamefika wapi. Mimi namwambia utabiri wa mvua anaousikia redioni unatoka huko. Namwambia picha za juu zinaonyesha malisho yamekauka wapi kabla ng'ombe hawajaanza kufa. Namwambia nchi isiyo na kitu chake huko juu itanunua habari zake kutoka kwa wengine milele.

Yeye ananisikiliza mpaka mwisho, anapangusa mdomo, halafu anatoa silaha yake. Babu yako alijua mvua bila kulipia kitu. Alikuwa anaangalia Kilimia.

Kilimia ni lile kundi dogo la nyota zilizobanana, wengi wenu mnalijua hata kama hamjui jina. Babu alikuwa akiliona jioni likichomoza mashariki, anaambia watu watayarishe mashamba kwa mvua ya vuli. Nau alikua akitumwa nje kuangalia kama limetoka.

Nitasema ukweli, nilipenda ule ubishi. Yeye pia alipenda. Mimi na Nau hatujawahi kuwa watu wa kukumbatiana, huo ndio ulikuwa upendo wetu. Lakini ukibishana sana na mtu unaanza kutaka kushinda, na mimi nilitaka kushinda. Nikajiambia siku moja nitamleta huyu mzee kwenye darubini, nimwonyeshe Kilimia yake mwenyewe, nyota kwa makumi ambazo babu hakuwahi kuziona, na hapo atakubali kwamba kutazama juu kwa chombo si upuuzi.

Ikafika Krismasi, sote tuko nyumbani.

Siku hiyo mchana Mwaitu aliniita jikoni. Alikuwa anakoroga uji wa watoto, hakunitazama.

"Mutuku, baba yako siku hizi anagonga milango. Juzi amekanyaga ndoo ya maziwa na ilikuwa hapo tu kando yake. Mpeleke Machakos waangalie hiyo macho."

Nikamwambia nitaona. Akili yangu ilikuwa kwa darubini yangu niliyokuja nayo, nikipanga niiweke wapi jioni.

Jioni ilipoingia niliwazimisha taa watu wote. Taa ya nje, ya jikoni, hata jirani nilimwomba azime yake kidogo, akakubali kwa sababu ya Krismasi. Anga ilikuwa safi baada ya mvua. Watoto walikaa kwa mkeka, wamefurahi kukatazwa simu.

Nau akatoka nje na fimbo yake. Hatua chache tu akajikwaa kwenye mguu wa stendi ya darubini, karibu aiangushe. Nikaishika. Nikamwambia kwa sauti ya fundi anayejua kazi yake:

"Subiri macho yazoee giza, Nau."

Akakaa kwa kigoda akasubiri. Wakuu, hiyo picha ndiyo hainitoki. Mzee ameweka mikono miwili juu ya fimbo, ametulia kama mtu aliye kwa foleni, anasubiri kama alivyoambiwa na mtoto wake. Watoto walishaanza kuonyeshana nyota na kuzipa majina ya jamaa zetu. Yeye kila baada ya muda anauliza kama bado. Nikawa namwambia bado kidogo.

Mwishowe nikamwita. Nikamshika bega nikamwongoza mpaka kwenye darubini, Kilimia ikiwa katikati kabisa, inameta.

Akaangalia muda mrefu. Akasema anaona tatu, pengine nne.

Nikacheka kidogo. Nikamwambia asikodoe, aangalie kando.

Akageuza kichwa kidogo, akasema, "Kando hakuna kitu."

Nikamwambia aangalie kando zaidi.

"Mutuku, nimekwambia kando hakuna kitu."

Wakuu, mimi nilisikia nini hapo? Nilisikia yule mzee wa redioni. Nilisikia mtu ambaye amekataa satelaiti, amekataa utabiri, na sasa anakataa nyota ambazo ziko mbele ya jicho lake. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba huyu hata akionyeshwa atapinga, si mmeona wenyewe. Watu walicheka. Hata Nau alitabasamu.

Kisha akasimama kando ya darubini akasema polepole, "Nikiwa kijana nilikuwa naziona zote nikiwa nimesimama tu. Sijui zilienda wapi."

Na hata hiyo nilikuwa na jibu lake. Nilimpa lecture nzima kuhusu taa za mji wa Machakos, jinsi mwanga unavyopanda na kufunika anga, jinsi kizazi chake kiliona vitu ambavyo sisi hatutaviona. Nilieleza vizuri sana. Nau alisema ni sawa, akamtafuta Mwaitu kwa mkono, akaingia ndani.

Asubuhi yake Mwaitu aliniuliza tena kuhusu macho. Nikamwambia anaona vizuri, ni ubishi tu. Mimi ndiye wa mambo ya kuangalia hapo nyumbani, kwa hivyo aliniamini na hakuuliza tena.

Mwezi wa nne boda boda ilimgonga Nau akitoka sokoni.

Haikuwa mbio. Ilimvunja mkono na kumchubua uso. Kijana wa boda alikuwa analia kuliko yeye, anaapa kwamba alipiga honi na mzee hakugeuka. Nau mwenyewe alimtetea. Alisema hakuiona, ilitoka kando.

Hospitalini, wakati wa kufunga mkono, daktari mmoja alipitisha kidole pembeni mwa uso wake, mara huku, mara kule. Kisha akaacha mambo ya mkono akaanza kumwuliza kuhusu macho. Tukaambiwa aende kwa wa macho, na mashine ya kupima ilikuwa moja, na siku hiyo haikuwa inafanya kazi, tukatumwa kwingine. Majibu yakawa presha ya macho.

Kama hamuijui, ijueni. Haiumi. Inakula pembeni kwanza, polepole, na katikati inabaki mpaka karibu mwisho, kwa hivyo mtu anaendelea kusoma Biblia yake na anajiona mzima. Gizani ndiko anapotea mapema. Ukiipata mapema, dawa ya matone inaishikilia hapo ilipo. Kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza kama mzee aliwahi kulalamika kuhusu giza, au kusema haoni pembeni.

Nau alikuwa hapo hapo kitini, amesikia swali. Akanijibia. Akasema hapana, hakuwahi kusema.

Wakuu, hapo ndipo nilitaka ardhi inifiche.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kijisehemu katikati, na Mwaitu anamwekea matone asubuhi na jioni, na tunaomba kisitoroke. Wangeanza matone Krismasi ile, au hata Januari, angekuwa na zaidi. Daktari hakuniambia ni kiasi gani, na sikuuliza.

Najua kuna watakaouliza hapo chini kama nimehama upande kwenye ule mjadala wa bajeti. Sijahama. Bado naamini nchi inahitaji macho yake huko juu. Lakini siku ile ya mashine mbovu nilimsubiri Nau aniambie, unaona sasa pesa zingeenda wapi. Alikuwa na haki, na angenimaliza kwa sentensi moja. Hajasema mpaka leo. Ametoka pia kwa kamati ya maji, redio anasikiliza bila kupiga simu. Jumapili tunakula muthokoi kwa amani, na mimi siipendi hiyo amani hata kidogo.

Juzi nilikuwa nyumbani. Darubini niliiacha Syokimau, siibebi tena kwenda huko. Giza lilikuwa limeshaingia, Nau amekaa nje kwa kigoda chake, uso ameuelekeza mashariki, upande wa Kangundo.

Akaniuliza, "Imetoka?"

Nikamwuliza nini.

"Ile ya babu yako."

Nikaangalia. Kilimia ilikuwa imechomoza juu ya vilima, ndogo, safi. Nikamwambia ndiyo, iko hapo. Akasema basi watu watayarishe mashamba, mvua iko karibu. Alisema hivyo kama mtu aliyeiona mwenyewe.

Baridi ikaanza, nikamwambia twende ndani. Nikamshika mkono, hakuinuka.

"Wewe si uliniambia nisubiri macho yazoee giza," akasema. "Wacha nisubiri."

Sijui kama alikuwa ananitania. Zamani ningejua. Nilivuta kigoda kingine nikakaa upande wake wa kushoto, halafu nikakumbuka huko hanioni, nikahamia kulia.

Basi wakuu, nililojifunza si kubwa. Mwenye mzazi aliyeanza kugonga milango, mpeleke akapimwe macho wiki hii, hata kama anakuambia anaona, na hasa kama wewe ndiye mjuaji wa nyumba. Na mtu wako akikwambia kando hakuna kitu, mwamini.

Semeni mnachotaka hapo chini, hata wa kunitukana karibuni, nitasoma yote. Ila kama kuna anayejua namna ya kumwonyesha mzee Kilimia bila macho, huyo ndiye nitamjibu kwanza.